Barua ya Marehemu Kaka Yangu

Nilifanya kazi miaka minne kwa Mzungu mpima ardhi, na siku alipoondoka hakuniachia hata mstari mmoja wa maandishi wa kushuhudia kazi yangu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Aliugua tukiwa porini nyuma ya Lunga Lunga, tukambeba kwa machela hadi barabarani, akapakiwa kwenye gari, na baada ya wiki mbili tukasikia amepandishwa meli kurudi kwao. Sisi watu wake sita tuliambiwa tukabidhi mahema, mnyororo wa kupimia na zile fito za rangi nyekundu na nyeupe, kisha kila mtu aende kwao. Nilirudi Msambweni kwa miguu nikiwa nimevaa kofia yake kuukuu aliyonipa, na nikaamini kabisa kwamba kazi nyingine nitaipata kabla mwezi haujaandama.

Nilianzia Kwale, bomani. Nilipanda kule mlimani alfajiri, nikafika karani akiwa bado anafungua madirisha. Alikuwa kijana wa makamo yangu, mwenye soksi ndefu nyeupe. Nilimwambia najua kushika mnyororo, najua kusoma namba za kwenye fito kutoka mbali, na najua kuandika.

"Barua yako iko wapi?" akauliza.

"Sina barua. Tajiri wangu aliugua ghafla."

"Wote husema hivyo," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilikwenda kwa wanaotengeneza barabara. Nyapara alikuwa na watu wa kwao wa kutosha. Nilikwenda Likoni kwenye kivuko, nikaambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu nikaambiwa nirudi Jumatatu nyingine. Nilikwenda kwa wenye mashamba ya minazi, kwa wenye maduka, kwa kontrakta mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za Wazungu ufukweni Diani. Huko bara kulikuwa na Hali ya Hatari, na watu walikuwa wakisema kwamba sasa matajiri wa pwani hawataki watu wa bara, kwa hiyo sisi wenyeji tutapata kazi kwa urahisi. Labda walipata wengine. Mimi kila nilipofika niliulizwa barua.

Jambo ambalo sikulijua mwanzoni ni kwamba kila mwezi uliopita ulinizidishia ugumu. Nilirudi Kwale mara ya pili, kwa karani yuleyule, akaniuliza, "Umekaa bila kazi muda gani sasa?"

"Miezi mitano."

"Miezi mitano!" Akainua macho kutoka kwenye daftari lake. "Basi lazima kuna sababu."

Njia nzima ya kuteremka nililigeuza neno lile kichwani. Sababu ya kunyimwa kazi ilikuwa kwamba sina kazi. Ningelikuwa nayo, angelinipa nyingine.

Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Mama alikuwa akisuka makuti na kuyauza. Alikuwa na ada ya kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi; mwezi wa sita wa kukaa kwangu bure nikaona anafunga na Jumanne. Nilipomuuliza akasema ameweka nadhiri. Sikumwuliza nadhiri ya nini. Nilianza kupita njia ya nyuma ya mikorosho kwenda msikitini ili nisipite penye baraza la kahawa, kwa maana wale waliokaa pale walikuwa watu wema, na kila mmoja wao angeniuliza kwa wema wake, "Vipi, imepatikana?"

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yeye alikuwa na kazi. Alikuwa boi wa meza kwa bibi mmoja wa Kizungu mjini Mombasa, mjane, na alikuwa amemtumikia miaka tisa. Mwaka ule alirudi kupumzika wiki tatu kwa mkewe huko Waa, homa ikamshika, akaletwa hospitali ya Msambweni, na siku ya tano akafariki. Tulimzika Waa. Mama alilia kama aliyemzaa yeye.

Kwenye hitima ya arubaini, baada ya kusoma, tulikaa kwenye mikeka tukala. Jirani yangu pale kwenye sinia, mtu wa Ukunda, alikuwa akisimulia kwamba kuna hoteli ndogo Diani, ya nyumba za makuti, inatafuta mtu wa meza. "Lakini mwenyewe anataka mtu mwenye barua," akasema, "hataki wa kuja kujifunzia kwake." Nilikuwa na tonge mkononi. Nilimfikiria kaka yangu wakati ule, na sikumfikiria kwa huruma. Niliifikiria barua yake. Nilikuwa nimeiona mara moja, sikukuu moja alipotuonyesha: yule bibi alipokwenda Ulaya mwaka mmoja kuwaona ndugu zake alimwandikia, ili asikose kibarua hadi atakaporudi.

Baada ya siku tatu nilikuwa Waa, mlangoni kwa mjane wake.

Shemeji yangu alikuwa ndani ya eda, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mama yake mzazi alikaa kizingitini akichambua mchele, na mimi nikakaa barazani, na shemeji akanisikiliza kutoka nyuma ya mlango wa chumba. Nilieleza kwa kuzungukazunguka. Mwishowe nikasema.

Bibi mzee aliacha kuchambua.

"Unataka kuitwa jina lake," shemeji akasema ndani.

"Kwa muda tu, shemeji. Nikishika kazi nitaandikiwa barua yangu mwenyewe, hii nitairudisha."

"Na wao hawatajua?"

"Hawatujui sisi. Wanajua karatasi."

Nikasikia bati la biskuti likifunguliwa. Mkono uliofunikwa leso ulitoka, ukampa mama yake bahasha, na mama yake akanipa mimi bila kunitazama.

"Nakupa kwa sababu ya mama yako," shemeji akasema. "Najua anavyofunga. Lakini jina ni la mwenyewe, usilitie doa. Na karatasi irudi."

Niliifungua palepale. Ilikuwa ya Kiingereza, nikaisoma kwa taabu: mwaminifu, msafi, hodari wa kazi ya meza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mimi sijui hata uma unawekwa upande gani. Nilipolisema hilo, shemeji akacheka ndani, kicheko kifupi, cha kwanza tangu msiba nadhani, maana mama yake aligeuka kutazama mlango.

"Mimi najua," akasema. "Alipokuwa akija likizo alikuwa akiniandalia mkekani, mimi ndiye Mzungu. Ananikunjia kitambaa, ananiita memsabu, ananikataza kula kwa mkono. Nilikuwa nikimwona mpumbavu." Kisha tukamsikia analia.

Nilikwenda Waa alasiri tatu mfululizo. Nilitandika leso barazani, nikapanga vifuu vya nazi kuwa sahani na vijiti kuwa visu na uma, na yeye akinielekeza kutoka nyuma ya mlango. Uma kushoto. Kisu kulia, makali yatazame sahani. Chakula kinaingia kwa kushoto kwa mlaji, sahani tupu inaondoka kwa kulia. Usipumue juu ya chakula. Usisimame karibu hata wakasikia tumbo lako. Bibi mzee ndiye aliyekuwa mlaji, akakaa wima amenuna, na kila nilipokosea alisema, "Kakosea," ingawa sidhani alijua nimekosea wapi.

Mama nilipomwambia aliuliza, "Watakuita jina la mtoto wa dada yangu, nawe utaitika?"

"Nitaitika, mama."

"Naye hajatimiza miezi miwili chini." Hakunikataza. Lakini asubuhi ya kuondoka hakunitia dua ya mlangoni kama alivyozoea. Alijishughulisha na makuti yake.

Mwenye hoteli alikuwa Mzungu mwenye mwili mkubwa na subira ndogo. Aliisoma barua amesimama, akasema, "Huyu bibi mimi najua yeye. Hapana andika uongo." Akaniambia siku nyingine nilete kipande, kile cheti chenye jina na alama za vidole, akasahau, na mimi sikumkumbusha. Ile barua akaitia kwenye saraka ya meza yake. Jioni ileile nilivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu.

Kazi niliiweza. Nasema hivi bila kujisifu, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa na aliyefundishwa na hodari. Kilichonishinda ni jina. Wakati mwingine waliniita nikaendelea kupangusa glasi, hadi mpishi anisukume: "Wewe, husikii?" Wakati mwingine niliitika upesi mno, kwa kelele, wageni wakacheka. Swala nilikuwa nikiswali pembeni peke yangu, na nilipoomba dua kwa ajili ya marehemu nilikuwa nikilitaja jina lile, halafu nasikia linaitwa kutoka jikoni, nami ndiye nitakayeitika. Sikulizoea kamwe.

Lakini mama aliacha kufunga Jumanne. Na kila mwisho wa mwezi nilipita Waa na unga, sukari na mafuta ya taa kwa shemeji, na hata eda ilipokwisha nikaendelea. "Barua yangu bado," nilimwambia, naye akasema, "Usisahau." Ukweli ni kwamba sikuwa nimeomba barua yoyote. Ningeomba kwa jina gani?

Mwezi wa saba wa kazi yangu, Jumapili moja mchana, hoteli ikiwa imejaa watu kutoka Mombasa, bwana alinijia uso umemng'aa kama mtu anayeleta zawadi. Nyuma yake alikuwa bibi wa Kizungu mwembamba, mwenye mvi na fimbo.

"Huyu hapa mtu yako!" bwana akasema.

Nilikuwa nimeshika sahani kubwa ya samaki. Yule bibi alinitazama usoni, halafu kwenye mikono, halafu usoni tena. Nilingoja. Mpaka leo nikipata homa naiota sahani ile.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Namwona."

Akaenda kukaa. Nilimhudumia tangu supu hadi matunda, wala hakuinua macho. Alipomaliza aliomba chai barazani, mbali na wengine, akataka niilete mimi.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Kiswahili chake kilikuwa safi, cha watu wetu wa Waa, na nikafahamu kwamba alifundishwa na kaka yangu. Hata namna ya kuvuta mwisho wa neno ilikuwa yake.

"Amefariki, Mama."

Aliiweka fimbo chini. "Lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Alipokuja likizo. Homa."

"Nilimngoja," akasema. "Nikangoja miezi miwili. Nikadhani amechoka na mimi, amepata kwingine. Nikamkasirikia." Alitazama kikombe bila kukigusa. "Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia?"

"Hatukujua unakokaa, Mama."

"Anwani yangu iko juu ya barua ile. Si ndiyo uliyoingia nayo hapa?"

Ilikuwapo. Nilikuwa nimeipita nikikimbilia yale maneno mwaminifu na hodari, nikatembea nayo mfukoni kutoka Waa hadi Diani, na haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu upande wa pili wa kivuko anayemngoja kaka yangu.

"Wewe unaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina langu. Lilinitoka kwa sauti ndogo, kwa sababu ndani ya uzio ule sikuwa nimelitamka tangu nifike.

"Mwambie bwana wako," akasema. "Wewe mwenyewe, siyo mimi. Ukiwa mtumishi mzuri, na naona u mzuri, labda atakuelewa."

"Nitamwambia, Mama."

"Lini?"

"Wiki hii."

Sikumwambia wiki ile. Jumatatu bwana alikuwa na hasira ya pampu ya maji. Jumatano wageni walikuwa wengi. Wiki ya pili alinisifu mbele ya mpishi, nikajiambia siyo siku ya kuharibu siku. Nilikuwa nikiamka na maneno tayari mdomoni na kulala nayo. Kila nilipoukaribia mlango wa afisi yake nilimwona yule karani wa Kwale na soksi zake, nikageuka.

Wiki ya tatu ilikuja barua ya yule bibi. Hakuniandikia ubaya. Aliamini nimekwisha sema, maana nilimwahidi, kwa hiyo alimwandikia bwana akimwomba aniulize mimi, "aliyeshika mahali pa mtumishi wangu marehemu," nyumba ya mjane iko wapi, apate kwenda kumpa pole.

Bwana aliniita baada ya chakula cha mchana. Barua zote mbili zilikuwa mezani.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Kazi yako nzuri," akasema. "Sana. Lakini wewe miezi saba naangalia macho yangu na naongopa. Nitajua nini nyingine unaongopa?"

"Hakuna nyingine, Bwana."

"Vua kanzu."

Niliivua, nikaikunja, nikaiweka kitini. Halafu nikafanya jambo ambalo hata mimi lilinishangaza, nikasema, "Bwana, niandikie barua ya miezi saba hii. Aliyefanya kazi ni mimi."

Nadhani alifikiri kidogo, kweli. "Nitaandika jina gani?" akasema. "Ya mtu amekufa, ama ya mwongo?"

"Basi nipe ile ya marehemu. Ni ya mjane wake."

"Ni ya yule naandika. Nitarudisha kwa yeye."

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Mpishi alinipa mkate na hakuuliza kitu. Kutoka Diani hadi Waa nilikwenda kwa miguu, nikipita Ukunda na Tiwi, na njiani nilipanga namna ya kumweleza shemeji. Nilipanga kusema habari ya bibi wa Kizungu kwanza, jinsi alivyoumia, jinsi alivyomsifu. Nilipofika nikasema tu, "Nimefukuzwa, na karatasi imezuiwa."

Alikuwa akianika mihogo uani. Hakupiga kelele. Alimaliza kupanga ile iliyokuwa mkononi mwake.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Unajua hilo."

"Najua, shemeji."

"Lakini jina lake nalijua lilipo katika karatasi ile. Mstari wa tatu, mwishoni. Alinionyesha kwa kidole. Nilikuwa nikiifungua na kulitazama pale. Nikakupa wewe, kwa kuwa mama yako ana njaa." Akajipangusa mikono. "Picha yake sina. Kaburi lake lina majani. Sasa jina lake nitalitazama wapi?"

"Nitaifuata. Nitakwenda Mombasa."

"Nenda zako, shemeji, kabla baba yangu hajarudi."

Kesho yake nilivuka Likoni. Ilinichukua siku mbili kuipata nyumba, kwa sababu anwani niliyoisoma kwa haraka sikuikumbuka vizuri. Mpishi wa pale aliniambia bibi ametoka kwa gari asubuhi, hajui atarudi lini. Nilikaa nje ya lango, juu ya jiwe, tangu saa nne hadi adhana ya alasiri. Alipofika alishuka kwa shida, akanitambua.

"Nimetoka Waa," akasema kabla sijafungua kinywa. "Bwana wako aliniandikia kunieleza, na ile barua yangu akaitia ndani. Kijiji nilikijua kwa marehemu, nyumba niliiulizia msikitini." Mkono wake ulikuwa na vumbi, na pindo la gauni limeshika nyasi za miiba, kwa hiyo nikajua amefika hadi kaburini. "Nimempa mkewe karatasi yake. Tumekaa pamoja."

"Ahsante, Mama."

"Hukumwambia bwana wako," akasema.

"Niliogopa."

"Ndiyo." Akaitikia kwa kichwa, akiwa amechoka. "Ningekuandikia barua, lakini sikujui. Namjua yeye." Akaingia ndani. Aliyasema kwa upole, na yalikuwa kweli, na ndiyo maneno yaliyoniuma kuliko yote niliyoambiwa katika mwaka na nusu ule wa kutafuta.

Nilikaa bure miezi minne mingine. Mama alirudi kufunga Jumanne. Hakunitajia kosa langu ila siku moja tu, akipasua ukindu, alisema kana kwamba anaendeleza mazungumzo tuliyokuwa nayo, "Ungelikuja kuniambia mimi kwanza, ningelikwambia kwamba bibi yule anamngoja. Mtu aliyekutumikia miaka tisa hangojwi?"

Kazi nilipata timboni, kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, upande wa Tiwi. Mwenye timbo alikuwa mtu wa kwetu, mzee mwenye jicho moja. Nilimkuta amechuchumaa ananoa shoka la kuchongea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Kazi. Sina barua."

"Barua ya nini? Jiwe haliwezi kusoma." Akanipa shoka. "Chonga hilo nione."

Nililiharibu lile, na la pili, na la tatu. La nne akaligeuzageuza, akaliweka kwenye rundo pamoja na mengine. Nilichonga mawe miaka mitano. Vumbi lake jeupe linaingia kifuani halitoki, na mpaka sasa usiku nakohoa kikohozi cha timboni. Baadhi ya mawe yale yalikwenda Diani kujengea hoteli mpya. Lori lilipokuja kuyachukua na dereva akahitaji mtu wa kumwonyesha njia, nilisema siijui.

Shemeji aliolewa tena, na mtu wa Vanga, akahamia huko. Tulikutana mara moja kwenye harusi ya ukoo. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akauliza hali ya mama. Nilitaka kumwuliza kama ile karatasi alikwenda nayo kwa mume mpya, au aliiacha Waa kwa mama yake. Watu walikuwa wengi, wanawake wakamwita ndani, akaenda.